Mwanamke wa Kiti cha Kumi na Moja

Tulifika Ravensby mwaka wa kumi baada ya tauni ya pili, mimi na fundi wangu mkuu Thurstan, na mkokoteni mmoja uliojaa zana. Watawa wa pale walikuwa wamejenga upya sehemu ya kwaya ya kanisa lao, wakataka viti ishirini na vinne vya mwaloni, kumi na viwili kila upande. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sina mke wala mtoto. Tauni ya kwanza ilinichukulia wazazi, ya pili ikamchukua kaka yangu. Kuchonga nilijua. Mengine yote ya maisha nilikuwa nayafanya kwa kubahatisha.

Kiti cha kwaya si kama benchi. Watawa huimba Zaburi wakiwa wamesimama, saa nyingi, na mtu mzima akisimama hivyo magoti yanakufa ganzi. Kwa hiyo kiti huwekwa bawaba. Ukikiinua, upande wake wa chini una kibao kidogo kilichojitokeza, na mtawa anaegemeza makalio hapo huku ukimtazama unadhani amesimama. Kibao hicho wanakiita huruma. Chini ya huruma ndipo sisi wachongaji tunapoweka sanamu zetu.

Msaidizi wa mkuu wa watawa alitutajia sanamu chache alizozitaka: ndege mwari anayejitoboa kifua awanyweshe makinda damu yake, Samsoni na simba, malaika wenye vinanda.

"Na viti vingine?" Thurstan akauliza.

"Jazeni wenyewe. Ila yawe mambo ya kuonya watu."

Alipoondoka Thurstan akanigeukia. "Umesikia, Gamel? Tuonye watu mahali ambapo pataonwa na matako ya mtawa peke yake."

Basi tukachonga yale yanayochongwa kila kanisa. Mbweha aliyevaa joho la padri akiwahubiria mabata bukini. Mke anayempiga mumewe kwa mwiko. Nguruwe jike anayepuliza zumari. Thurstan alikuwa na ngozi za kondoo zilizochorwa vielelezo hivyo, alizirithi kwa fundi wake, naye fundi wake alizirithi kwa mwingine. Watawa walipopita na kuuliza maana, aliwajibu kwa unyenyekevu kwamba mbweha ni mhubiri wa uongo na mabata ni roho zisizokesha. Wakishaenda alisema, "Mbweha ni yule karani wao aliyetunyima kuni."

Nje ya lango la monasteri palikuwa na nyumba ya Hawisa binti Ketel. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na mitano hivi, anapika pombe ya shayiri na kuiuza mlangoni. Alikuwa na pengo la jino moja mbele, na kovu lililogawa nyusi yake ya kushoto mara mbili, alilolipata utotoni kwa kupigwa kwato na ndama. Kitambaa chake cha kichwa alikifunga fundo pembeni, juu ya sikio, tofauti na wanawake wengine wa mji, kwa sababu, alisema, fundo la nyuma lilimsumbua akiinamia pipa. Nakumbuka yote hayo kwa kuwa kazi yangu ni kutazama, na kwa kuwa miezi mizima sikutazama kitu kingine.

Jioni baada ya kazi tulikaa kwake, mafundi wa mawe na sisi wa mbao. Mimi alikuwa akinitania kuliko wengine. Akiniona mlangoni anasema, "Haya, amekuja bubu wangu. Jamani msogezeeni benchi, asije akatuchosha kwa maneno." Nikaketi, nikanywa, nikaamini kwamba neno lile "wangu" lilikuwa na uzito.

Siku ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, watu wameshiba nyama ya bata bukini na nyumba imejaa, nilisimama nikamwambia mbele ya wote kwamba nataka kumwoa. Kwa nini sikungoja tuwe wawili? Nilikuwa nimekunywa ili nipate ujasiri, na ujasiri ulipokuja haukuuliza nani yupo.

Hawisa alishika jagi mkononi akanitazama. Nadhani alitishika kidogo. Kisha akaona nyuso zote zinamngoja yeye.

"Gamel," akasema, "mume wangu wa kwanza alikuwa anaongea usiku kucha, nikamzika. Sasa nichukue asiyeongea kabisa? Nitajuaje siku akifa?"

Nyumba ilivunjika kwa kicheko. Fundi mmoja wa mawe alicheka mpaka akamwaga kinywaji chake. Thurstan naye alicheka. Mimi nilitoka nje, na kwa siku nyingi baada ya hapo, kila nilipoingia uani kwa watawa, kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama ningali hai.

Kilichobaki kuchongwa kwa mkono wangu kilikuwa kiti cha kumi na moja upande wa kusini. Katika ngozi za Thurstan kulikuwa na kielelezo cha muuza pombe mwenye kipimo cha hila: shetani amembeba mgongoni, miguu yake inaning'inia, jagi lake limepinduliwa, na mbele yao kinywa cha Jehanamu kiko wazi na meno yake. Uso wa mwanamke kwenye ngozi ni duara tu na nukta mbili. Nikampa uso. Nikampa kovu kwenye nyusi, pengo la jino, fundo la kitambaa juu ya sikio. Sijawahi kuchonga vizuri namna ile. Patasi ilikuwa inaingia kwenye mwaloni kama kisu kwenye jibini, na nilikuwa na furaha mbaya ambayo sitaki kuisimulia sana.

Nikiwa katikati ya kazi, siku moja mchana, Hawisa alikuja mpaka kwenye kibanda chetu. Alikuwa na mkate wa shayiri na kipande cha samaki wa chumvi ndani ya kitambaa. Nilitupa gunia juu ya ubao.

"Huji siku hizi," akasema.

"Nina kazi."

"Nilifanya mzaha kwa sababu walikuwepo wale. Ungeniambia peke yangu ningekujibu vingine."

"Ungejibu nini?"

"Sijui. Hukuniuliza peke yangu." Akaweka kile chakula juu ya benchi. "Njoo siku moja, wakati hakuna watu. Tuzungumze kama watu wazima."

Nikasema nitakuja. Alipoondoka nilikula mkate wake, nikaondoa gunia, nikaendelea. Uso ulikuwa bado haujaisha. Ningeweza kuziba lile pengo, nikafuta lile kovu kwa mipigo mitatu. Sikufanya. Wala kwake sikwenda.

Thurstan alikuja kukagua, akainama.

"Huyu ni Hawisa."

"Ni mwanamke tu."

"Usinifanye mjinga, kijana. Kata hiyo nyusi."

"Nitaikata."

Akanitazama akijua sitaikata. Lakini viti vilitakiwa viwe mahali pake kabla ya Krismasi, na bado kulikuwa na mapaa ya viti, yale yanayokaa juu ya vichwa vya watawa, ya kuchonga mwaka unaofuata, kazi ambayo alikuwa hajahakikishiwa. Akaenda zake. Viti vikafungwa.

Kiti cha kumi na moja kilimwangukia Ndugu Anketil, kiongozi wa waimbaji. Sitaki mtu amfikirie kuwa mkatili. Alikuwa mwembamba, mguu mmoja mbovu tangu kuzaliwa, na katika watawa wote yeye ndiye aliyewajua maskini wa langoni kwa majina ya watoto wao. Kile kibao alikihitaji kweli. Kila alipoinua kiti, mara saba kwa siku na mara nyingine usiku, alimwona yule mwanamke kabla ya kumpa mgongo.

Aliniuliza mara moja, "Fundi, huyu ni nani?"

"Muuza pombe yeyote, ndugu. Yupo kila kanisa."

Akaridhika. Watawa hawatoki ovyo, na yeye na mguu wake alitoka mara chache zaidi. Lakini majira ya kuchipua yalipofika akafa mfadhili mmoja wa monasteri, na watawa wakatoka kwa maandamano kumpokea maiti njiani. Wanawake wa mji walisimama kando ya lango. Nilikuwepo. Nilimwona Ndugu Anketil anaimba, anageuza uso, na sauti yake inakatika katikati ya neno. Alikuwa amemwona Hawisa. Hawisa, aliyedhani mtawa anajisikia vibaya, akapiga hatua mbele amshike mkono. Ndugu Anketil akarudi nyuma kama ameguswa na moto.

Hapo ningeweza kumfuata nikamwambia. Niliambia nafsi yangu kwamba yatapita.

Kiangazi kile mto ulipungua ukawa mfereji, na watu wakaanza kuhara damu. Alianza mzee mmoja wa karibu na daraja, kisha watoto. Sewal, mtengeneza ngozi, alizika mke na watoto wawili kati ya Jumapili na Ijumaa. Mpaka majani yanaanza kuanguka makaburi mapya yalikuwa thelathini na moja. Thurstan alisema chini kwa chini kwamba wanaokufa wengi wanachota maji mtoni chini kidogo ya mashimo ambamo Sewal huloweka ngozi, lakini nani angemwambia mtu aliyezika watoto wake?

Ndugu Anketil alianza kufunga. Alikula mkate na maji mpaka mifupa ya mikono ikatokeza. Siku moja ya sikukuu alipewa nafasi ya kuhubiria watu, akasimama, akashika mimbari kwa mikono miwili.

"Bwana hakutuacha bila onyo," alisema. "Tangu Krismasi ametuwekea uso wa mwanamke chini ya kiti changu cha kwaya. Mimi nimeuona kila siku, na kila siku nimenyamaza. Damu ya watoto hawa iko juu yangu kwa kunyamaza kwangu. Anapika kinywaji nje ya lango letu."

Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Baada ya ibada wanaume waliruhusiwa kupita kwenye kwaya mmoja mmoja. Mtunza kanisa alikiinua kiti, nao waliinama wakatazama, wakajifanyia ishara ya msalaba. Walipofika nyumbani waliwasimulia wake zao, ambao hawakuruhusiwa kuingia, na katika kusimulia shetani akaota pembe ambazo sikumpa, na ndani ya jagi kukawa na nyoka.

Jioni ile mlango wa Hawisa ulivunjwa na mapipa yake yakapasuliwa. Yeye mwenyewe msimamizi wa monasteri alimchukua akamfungia, na nadhani alifanya hivyo kumwokoa.

Baraza lilikaa kwenye ghala kubwa la nafaka, mkuu wa watawa mezani, watu wamejazana mpaka mlangoni. Mkuu alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, asiyependa fujo. Jagi la Hawisa lilipimwa mbele ya wote, likaonekana halina hila. Mwonja pombe wa mji aliulizwa, akasema pombe yake ni safi, yeye mwenyewe ameinywa kiangazi chote na ndiye huyu amesimama.

"Mke wangu yuko wapi?" Sewal akapaza sauti. "Huyo naye amesimama?"

Hawisa akamgeukia. "Sewal, mkeo hakuwahi kuonja pombe yangu hata tone moja. Alikuwa akisema inanuka kama mimi. Nakupa pole kwa kaburi lake, lakini lawama usiniwekee mimi."

Baadhi walitaka kucheka. Nadhani nusu dakika ile angeweza kupona. Kisha Ndugu Anketil alisimama, akaeleza habari za kiti, taratibu, bila chuki, machozi yakimtoka, na ghala lote likanyamaza.

Nikajipenyeza mpaka mbele. "Baba Mkuu, ile sanamu niliichonga mimi."

"Tunajua, fundi."

"Nilimchonga yeye makusudi. Nilimposa akanikataa mbele za watu, nikaona uchungu. Hakuna onyo lolote pale. Ni hasira zangu."

"Bado anamtaka!" mtu akapiga kelele nyuma, na wale waliokuwa wameogopa wakapata nafasi ya kucheka. "Mwozesheni bubu mkewe!"

Ndugu Anketil alinijia karibu. Aliongea nami kwa upole, kama mtu anayemwongoza kipofu. "Ulikuwa na hasira, naamini. Lakini ungeweza kumchonga nguruwe. Ungeweza kumchonga mbuzi. Kwa nini pombe? Kwa nini shetani? Mkono wako ulipelekwa, fundi, na wewe hukujua."

"Mkono wangu ulifuata ngozi ya fundi wangu! Kielelezo kipo, mwulizeni. Kila kanisa lina mwanamke huyu."

"Basi kila kanisa limeonywa," akasema.

Mkuu wa watawa akamwita Thurstan. Akamwuliza kama kweli mimi nilimchonga Hawisa kwa chuki, na kama yeye aliliona hilo na kulisema wakati ule. Thurstan alishika kofia yake kwa mikono miwili. Mapaa ya viti yalikuwa yamefika nusu. Alikuwa na miaka sitini na mgongo uliopinda, na hakuna monasteri nyingine iliyokuwa imemwita.

"Mimi niliona sanamu ya muuza pombe, Baba Mkuu," akasema. "Zaidi ya hapo sikuona kitu."

Hawisa alinitazama mimi, si yeye. Hakuwa amejua mpaka saa ile. Mtu mmoja alikuwa amemweleza habari za sanamu, lakini hakuwa ameniunganisha nayo. Niliona anahesabu kichwani: lini aliniletea mkate, gunia lile lilikuwa limefunika nini.

Mkuu hakumhukumu kifo. Alisema hakuna ushahidi wa sumu. Lakini watu walikuwa mlangoni na mawe mikononi, naye alitaka warudi makwao, kwa hiyo akatoa kitu kidogo cha kuwaridhisha: siku tatu kwenye mkatale, mchana tu, kisha aondoke Ravensby asirudi. Nadhani alijiona mwenye rehema.

Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba. Mkatale wa pale ni mbao mbili nzito zenye matundu ya miguu, mbele ya lango, hauna paa. Siku ya kwanza walimtupia uchafu na matope. Siku ya pili ikanyesha mvua iliyochanganyika na barafu, na watu wengi wakakaa ndani, ila Sewal na wengine wachache. Sewal alitupa jiwe. Lilimpata juu ya sikio, pale alipozoea kufunga fundo. Baada ya hapo Sewal mwenyewe alikaa chini matopeni akalia, ikabidi aongozwe nyumbani.

Nilikwenda nikasimama upande wa upepo, nikamfunika kwa joho langu. Damu ilikuwa imeganda shingoni. 

"Umenichonga vizuri?" akauliza ghafla.

"Vizuri."

"Kovu lipo?"

"Lipo."

"Na pengo?"

"Na pengo."

"Basi ulikuwa unaniangalia kweli." Alikuwa anatetemeka hata meno yakigongana. "Mimi nilidhani unaangalia kikombe. Miezi yote ile nikajiambia, huyu hanioni, huyu anakunywa tu. Ningejua…" Hakumaliza.

"Hawisa, nisamehe."

"Toka hapo, Gamel."

"Upepo ni mkali, acha nikukinge."

"Nimesema toka. Afadhali upepo."

Nikamwachia joho, akalitupa matopeni. Nikaliokota nikaliweka tena, akalitupa tena. Mara ya tatu hakuwa na nguvu za kulitupa. Nikaondoka nikasimama mbali, ukutani, mpaka walipomfungua jioni.

Siku ya tatu walimtoa tena, ingawa msimamizi mwenyewe alisema mwanamke ana homa. Kabla ya adhuhuri kichwa kilimwangukia kifuani. Watu walidhani amelala.

Mkuu wa watawa hakutaka azikwe Ravensby, akiogopa watu watamfukua. Dada yake, Emmot, alikuja na punda kutoka kijiji cha Thornsett, mwendo wa siku moja. Mwanamke mfupi, uso kama wa marehemu ila bila kovu. Nilimsaidia kufunga maiti. Hakuniuliza mimi ni nani, nami sikusema.

Kuhara damu hakukukoma. Wiki mbili baada ya Hawisa walikufa wengine wanne, na mmoja wao alikuwa mtawa kijana, mwimbaji mwenye sauti nzuri kuliko wote, ambaye hakuwahi kuvuka lango tangu alipoingia. Mji ukaacha kumtaja Hawisa. Watu waliponikuta njiani walizungumzia hali ya hewa.

Thurstan alijaribu kunielewesha. "Ningesema nini, Gamel? Wangekusikiliza wewe zaidi kwa sababu yangu?" Nilichukua patasi zangu kutoka sanduku letu la pamoja. Hatukugombana. Tuliendelea kufanya kazi kwenye benchi moja wiki ile nzima, tukipokezana randa, bila neno.

Kisha Ndugu Anketil akaja kibandani. Alikuwa amekonda mpaka joho linamning'inia. Akaketi juu ya gogo.

"Niambie tena yale uliyosema barazani."

Nikamwambia. Safari hii nilimweleza yote: kicheko, mkate, gunia, ile furaha mbaya. Nikamtolea ngozi ya Thurstan. Akaitazama kwa muda mrefu: shetani yule yule, jagi lile lile, na mahali pa uso duara tupu na nukta mbili.

"Hana uso," akasema.

"Hana."

"Uso uliuweka wewe."

"Niliuweka mimi, ndugu."

Akaweka kidole juu ya lile duara, akakiondoa. "Nilimwomba Mungu anionyeshe maana," akasema. "Sikuona haja ya kumwuliza mtu aliyechonga." Akanirudishia ngozi. Kisha: "Chukua patasi zako. Twende ukamwondoe."

Tulikwenda saa ya mlo, wenzake wakiwa mezani. Akakiinua kiti mwenyewe, akakishikilia. Nikapiga magoti. Sikuwa nimeuona uso ule tangu tulipovifunga viti. Mwaloni ulikuwa umeanza kuwa mweusi kidogo, na ulikuwa umelainika pale mapaja ya Anketil yaliposugua. Alikuwa yeye. Alikuwa kama anayetaka kusema kitu cha kunichekesha. Mahali pengine popote duniani uso ule haukuwepo tena.

"Siwezi," nikasema.

"Basi uongo unabaki."

Nikafikiri. Kisha nikaweka ncha ya patasi kwenye bega la shetani, si lake. Nilianza na pembe, kichwa, mikono iliyomshika mapaja. Nikakata jagi. Nikakata kinywa cha Jehanamu jino kwa jino na kulainisha mahali pake. Anketil alishikilia kiti mpaka mikono ikamtetemeka, vipande vya mwaloni vikimwangukia miguuni, wala hakunizuia. Tulikuwa karibu tumalize pale mtunza kanisa alipoingia akapiga kelele.

Ndugu Anketil alisema ni yeye aliyeniamuru, na ilikuwa kweli. Walimhamishia nyumba yao ndogo ya kando ya bahari, mahali pa baridi na watawa wanne tu, na nikasikia alikufa huko mwaka wa pili. Wanasema hakukubali tena kuegemea kibao chochote. Alisimama Zaburi zote kwa mguu ule. Mimi nilifukuzwa siku ile ile. Thurstan alimaliza mapaa peke yake.

Nilikwenda Thornsett. Nilimwambia Emmot mimi ni nani. Alichukua kipande cha kuni akanipiga nacho, akanipiga mpaka akachoka, kisha akafunga mlango. Nilikaa kijijini hata hivyo, nikipata kazi za majembe, milango na majeneza. Miaka sita hakunisemesha. Mwaka wa saba paa lake liliporomoka kwa theluji, nikaenda nikalijenga, naye akaniacha nilijenge.

Mwaka jana akapita mchuuzi wa nguo aliyetoka Ravensby. Alikuwa nyumbani kwa Emmot akitandaza vitambaa vyake, nami nilikuwa pale nikitengeneza kizingiti. Akasimulia kwamba kanisani kwa watawa kuna ajabu moja chini ya kiti. Ni mtakatifu, mwanamke, anapaa mbinguni bila kushikwa na mtu, miguu yake inaning'inia hewani. Watawa hawakubaliani ni mtakatifu gani. Wanaume wenye homa huomba waruhusiwe kumgusa unyayo, na wengine, alisema, wamepona.

"Ana sura gani?" Emmot akauliza.

"Ana kovu hapa, juu ya jicho. Wanasema ni jeraha la upanga, alipouawa kwa ajili ya imani."

Emmot alinitazama. Nilitazama msumari niliokuwa nimeushika.

"Ni ndama," akamwambia mchuuzi. "Alipigwa na ndama, alipokuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyemfuta damu."

Mchuuzi alicheka, akidhani anataniwa, akamwuliza kama atachukua kitambaa cha buluu au cha kijani. Emmot akasema hatachukua chochote leo.